Uwahi setilaiti ingali kiwandani, au usubiri data zikomae? Njia tatu, bega kwa bega

Tarehe 30 Julai 2025 roketi iliruka kutoka Sriharikota, pwani ya mashariki ya India, ikiwa imebeba NISAR, setilaiti ya rada iliyojengwa kwa ubia wa NASA ya Marekani na ISRO, shirika la anga la India. Kwa wengi wetu habari ya NISAR ilianza siku hiyo. Kumbe walikuwapo watu waliokuwa na faili za mfano wake kwenye kompyuta zao miaka kadhaa kabla. Hazikutoka angani. Zilipigwa na UAVSAR, rada inayofungwa chini ya tumbo la ndege, kisha zikachakatwa zifanane na zile ambazo setilaiti ingekuja kuzitoa, hadi muundo wa faili. Watu hao walizijaribu kwenye kazi zao halisi, wakakwama, wakauliza maswali, na maswali yao yakawafikia wanasayansi wa mradi kabla injini ya roketi haijawashwa.

Swali ninaloletewa mara kwa mara, na watu wa bodi za maji za mabonde, wa kaunti, wa bima ya mazao, hata wahadhiri, ni hili: na sisi tuwahi namna hiyo, au tusubiri wenzetu wamalize kuhangaika? Wanaojibu "wahini" huwa wanauza mafunzo. Wanaojibu "subirini" huwa hawajawahi kukaa na meneja anayetaka ramani ya mafuriko kabla ya masika. Hapa naziweka njia tatu ninazozifahamu, na nitasema wazi ipi ningemshauri nani.

Mapema kuliko nini?

Neno "mapema" lina sura mbili, na wanaozichanganya ndio wanaopoteza fedha. Unaweza kuiwahi setilaiti, yaani ukaingia ingali inaundwa. Unaweza pia kuiwahi bidhaa, yaani ramani, onyo au malipo ya bima, ukaingia wakati bidhaa hiyo bado ni wazo ubaoni, hata kama setilaiti inayoilisha ni kongwe. Njia ya kwanza huwahi setilaiti. Ya pili huwahi bidhaa. Ya tatu haiwahi chochote, na si aibu.

Njia ya kwanza: kujiandikisha kabla ya setilaiti kuruka

Mwaka 2007 baraza la taifa la utafiti la Marekani lilitoa orodha ya setilaiti ambazo NASA ilishauriwa kuzijenga katika mwongo uliofuata, likasisitiza kwamba sayansi peke yake haitoshi, lazima jamii inufaike. Katika orodha hiyo zilitoka SMAP ya unyevu wa udongo, ICESat-2 ya barafu na misitu, SWOT ya maji, na rada iliyokuja kuwa NISAR. SMAP ndiyo iliyoanzisha mpango wanaouita Early Adopters. Sisi tuwaite watumiaji wa mapema. Nyingine zikafuata nyayo zake, pamoja na PACE ya rangi ya bahari iliyorushwa Februari 2024.

Makubaliano yenyewe hayana mzunguko. Wewe unakuja na hitaji lililo wazi na mfumo ambao tayari unafanya kazi, unaahidi kuzijaribu data kwa rasilimali zako mwenyewe, na unaandika ulichokiona. Wao wanakupa data za kuigiza, unakaa karibu na wanasayansi wa mradi, na setilaiti ikiruka unakuwa miongoni mwa wa kwanza kuelewa kinachoshuka. Fedha hawatoi. Rudia sentensi hiyo mbele ya mkurugenzi wako kabla hujajaza fomu, kwa sababu kwetu "mpango wa NASA" husikika kama ruzuku.

Data za kuigiza zinatengenezwaje? Inategemea chombo. Kwa ICESat-2 walirusha MABEL, chombo cha leza kwenye ndege inayoruka juu sana, kikahesabu fotoni, yaani chembe za mwanga, moja moja kama ambavyo setilaiti ingefanya baadaye. Kwa SWOT walitegemea zaidi programu ya kompyuta: unaipa umbo la mto na kimo cha maji, inakurudishia kile ambacho rada ingekiona, makosa yakiwa ndani yake. Ubora wa mazoezi hayo ni kwamba unagundua mapema kuwa kompyuta yako haitoshi, kwamba intaneti ya ofisi haiwezi kushusha faili kubwa kiasi hicho, au kwamba jedwali lako la vipimo vya maji linatumia sifuri tofauti na ile ya setilaiti. Hilo la mwisho linachosha kuliko unavyodhani. Kituo cha kupimia maji kilichowekwa miaka ya sitini kina "mita 2" zake, na setilaiti ina mita zake zinazohesabiwa kutoka umbo la dunia. Bila mtu wa upimaji ardhi kuunganisha hizo mbili, hakuna mazungumzo.

Hasara yake inaonekana vizuri kwa SMAP yenyewe. Ilirushwa 31 Januari 2015 ikiwa na vyombo viwili: rada ya kuona kwa ukaribu, na rediometa, inayopokea mawimbi yanayotoka ardhini penyewe, ya kuona kwa usahihi lakini kwa pikseli pana, yaani kila mraba wa picha unameza eneo kubwa. Vikiunganishwa vilikuwa vitoe unyevu wa udongo kwa pikseli ya kilomita 9. Tarehe 7 Julai mwaka uleule rada ikazimika, na haikuamka tena. Ilikuwa imefanya kazi miezi michache tu. Walioandaa mifumo yao kwa pikseli ya kilomita 9 wakabaki na rediometa inayoona eneo la kilomita kama 40 kwa mkupuo mmoja. Kwa mkulima wa Kilosa hiyo ni kata kadhaa zikipewa jibu moja.

Sasa ndipo pa kupima kama kuwahi kulikuwa na maana. Wanasayansi wa SMAP hawakukaa wakilia. Walibana data za rediometa zikatoa bidhaa mpya ya kilomita 9, kisha wakaichanganya rediometa na rada ya Sentinel-1 ya Ulaya wakapata kilomita 3 na hata 1, ingawa kwa marudio machache zaidi kwa sababu Sentinel-1 haipiti kila siku. Aliyekuwa ndani alizisikia habari hizo mapema na aliweza kusema ni ipi ingemfaa. Aliyekuwa nje alisoma tu kwamba rada imekufa.

Na hata kwa aliye ndani, safari ni ndefu. Idara ya takwimu za kilimo ya Marekani ilikuwa miongoni mwa watumiaji hao wa mapema wa SMAP. Ramani yake ya wazi ya unyevu wa udongo kwa wakulima, Crop-CASMA, ilizinduliwa 2021, miaka sita baada ya setilaiti kuruka. Hiyo ni idara yenye watu, fedha na kompyuta. Ukiambiwa na mshauri kwamba miezi 18 inatosha kwa ofisi ya watu wanne, unauziwa mbuzi kwenye gunia.

Tarehe nazo huteleza. NISAR iliahirishwa zaidi ya mara moja. Mwaka 2024 antena yake ya mita 12 ilibidi irudishwe Marekani kutoka India ikapakwe mipako ya kuzuia joto. Kuna ofisi niliyowahi kuisaidia, sitaitaja, iliyoandika mradi mzima ukiegemea tarehe ya kurushwa iliyotangazwa mwanzoni. Fedha zikaisha, vijana waliofunzwa wakapata kazi kwingine, setilaiti ingali chini. Ripoti ya mwisho ilikuwa na picha nyingi nzuri za warsha.

Hata ikisharuka, hazishuki data siku ya pili. SWOT iliruka Desemba 2022, ikakaa kwanza kwenye mzingo wa kupita palepale kila siku ili wahakiki vyombo, na ni Julai 2023 ndipo ilipohamia mzingo wake wa kazi wa siku 21.

Njia ya pili: kuwahi bidhaa kupitia kituo cha kanda

Pale Kasarani, Nairobi, kipo RCMRD, kituo cha kanda cha ramani na rasilimali kilichoanzishwa 1975 na nchi wanachama za mashariki na kusini mwa Afrika. Kuanzia 2008 kikawa mwenyeji wa SERVIR, mpango wa NASA na USAID wa kuzishusha data za setilaiti hadi kwenye maamuzi. Huko hukutani na setilaiti isiyoruka bado. Unakutana na setilaiti za zamani na watu wanaokuuliza: uamuzi wako unafanyika lini, na nani anausaini?

Mfano ninaoupenda ni wa jalidi, ile baridi ya usiku inayobabua majani ya chai kwenye miinuko ya Kenya. RCMRD na Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya walitumia joto la ardhi la usiku kutoka MODIS, chombo kilichoko kwenye setilaiti za Terra ya 1999 na Aqua ya 2002, wakatoa ramani za maeneo yaliyopigwa. Hakuna kipya angani. Kilichokuwa kipya ni kwamba watu wa chai na wa hali ya hewa walikaa meza moja na wachora ramani, ramani ikafuata maswali yao.

Mfano mkubwa zaidi uko Marsabit, nao haukuhitaji kituo cha kanda bali taasisi ya utafiti wa mifugo, ILRI, na washirika wake. Bima ya mifugo kwa kutumia ukijani wa malisho unaoonekana kutoka angani ilianza kuuzwa huko Januari 2010. Kabla ya hapo wafugaji walichezeshwa michezo ya kuigiza: una ng'ombe kadhaa, ukame umekuja, umelipa bima au hukulipa, nini kinakupata? Hiyo ndiyo data ya kuigiza ninayoiamini kuliko zote, maana anayeigiza ni mwenye mifugo.

Wafugaji walikuja kuibadilisha bidhaa yenyewe. Mkataba wa mwanzo ulilenga kufidia mifugo iliyokwisha kufa. Mfugaji anafaidika nini na fedha za ng'ombe aliyekwisha kuliwa na fisi? Baadaye ukageuzwa ulipe mapema, ukijani unaposhuka na mifugo ingali hai, ili anunue malisho, maji na dawa. Setilaiti haikubadilika hata kidogo. Ni siku ya malipo iliyosogezwa. Mwaka 2015 serikali ya Kenya ikaanza kuwalipia wafugaji wa Turkana na Wajir bima ya namna hiyo.

Tatizo halikuisha. Ukijani ni wastani wa eneo pana, na jirani yako anaweza kuwa na mvua wewe huna. Mbuga iliyojaa mathenge, ule mti vamizi wa miiba, inang'aa kijani kibichi kutoka angani huku mbuzi wakihangaika. Lakini angalau mfugaji alipolalamika alijua analalamika kwa nani.

Udhaifu wa njia hii ni mfadhili. USAID, mguu mmoja kati ya miwili ya SERVIR, ilifungwa rasmi Julai 2025. Aliyekuwa ameweka huduma yake yote kwenye seva inayolipiwa na mradi alijifunza siku hiyo tofauti ya kushirikishwa na kumiliki. Ukiipita njia hii, tangu kikao cha kwanza uliza: mradi ukifungwa, programu ziko wapi, nywila anazo nani, na umeme wa hiyo kompyuta analipa nani?

Njia ya tatu: kusubiri, kisha kuchukua kilichokomaa

Huku ndiko waliko wengi wetu, na kuna sababu. Sentinel-2 ya Ulaya inakupa picha ya pikseli ya mita 10 kila siku 5. Sentinel-1 inakupa rada inayopenya mawingu ya masika. Landsat ya Marekani inakupa kumbukumbu tangu 1972. Digital Earth Africa imezipanga data hizi kwa bara zima, zikiwa tayari kuhesabiwa, na ina bidhaa kama ramani za maji ya juu ya ardhi ambazo mwanafunzi wa mwaka wa tatu anaweza kuzitumia wiki hiihii.

Kizazi kipya kinadhani bure ilikuwepo siku zote. Picha moja ya Landsat 7 iliuzwa dola 600. Mwaka 2001, uliokuwa mwaka mzuri wa mauzo, zilitoka picha kama 53 kwa siku duniani kote. Mwaka 2008 zikawekwa bure, na hesabu ikaruka hadi maelfu kwa siku. Ukitaka kujua kwa nini maktaba za ofisi za zamani zina picha moja ya 1987 iliyofungwa kwenye kabati kama hati ya nyumba, sababu ni hiyo.

Nguvu ya kusubiri ni historia. Bima haiwezi kuuzwa bila kujua ukame hutokea mara ngapi, na daraja halijengwi bila kujua mafuriko ya miaka ishirini iliyopita yalifika wapi. Setilaiti iliyoruka jana haina jana. Kwa mvua, CHIRPS, hifadhi ya makadirio yanayotokana na setilaiti na vituo vya ardhini, inaanzia 1981. Ukiniambia unataka kukokotoa bei ya bima kwa setilaiti yenye misimu miwili, nitakuomba kwanza tunywe chai.

Ila usidhani kilichokomaa hakivunjiki. Desemba 2021 Sentinel-1B iliharibika mfumo wake wa umeme, na Sentinel-1C haikuruka hadi Desemba 2024. Miaka mitatu hiyo marudio yalipungua sehemu nyingi za dunia, na hakuna aliyetupigia simu kutuuliza tungependa eneo gani lipewe kipaumbele. Hapo ndipo msubiri anapolipa gharama yake: hana sauti.

Kwenye mizani

Kwa fedha taslimu njia ya tatu ndiyo nafuu, ya pili hulipiwa na mtu mwingine mpaka siku atakapoacha, na ya kwanza inakula mshahara wa mtu wako bila risiti. Kwa muda, ya tatu inakupa ramani ndani ya wiki, ya pili ndani ya msimu mmoja au miwili, ya kwanza uiwekee miaka mitano ndipo uanze kulalamika.

Kwa sauti, mambo yanageuka. Mtumiaji wa mapema husikilizwa kuhusu data zitoke haraka kiasi gani, katika muundo gani, na bidhaa zipi zitengenezwe. Hasikilizwi kuhusu mzingo wala urefu wa mawimbi. Hayo huwa yameshafungwa kwenye chuma. Kwa njia ya pili unasikilizwa kuhusu kila kitu isipokuwa setilaiti. Kwangu mimi hiyo ya pili ndiyo sauti yenye thamani kubwa zaidi kwa ofisi nyingi za kwetu.

Kuna jambo moja linaloipindua mizani, nalo husahaulika. Wanaojenga setilaiti wana njaa ya vipimo vya ardhini kutoka Afrika. Vituo vilivyotumika kuhakiki SMAP vingi viko Amerika Kaskazini. Ukiwa na vipimo vya unyevu wa udongo vya miaka mitano kutoka Dodoma, au vimo vya maji vya kila saa kutoka mto wowote mpana, wewe si mwombaji. Una bidhaa adimu. Nimeona barua za kujiunga zikiandikwa kwa unyenyekevu wa mtu anayeomba kazi, na takwimu za thamani zimetajwa mstari wa mwisho kana kwamba ni za ziada.

Kwa kazi gani, setilaiti gani

Anza na maji. Ukishughulika na kimo cha Ziwa Victoria, kusubiri kumeshinda. Tangu 1992 setilaiti za kupima kimo, kuanzia TOPEX/Poseidon, kisha mfululizo wa Jason hadi Sentinel-6, zimekuwa zikilikatiza kila siku 10 kwenye mstari uleule. Mwezi Mei 2020 maji kwenye kipimo cha Jinja, Uganda, yalipofikia mita 13.42 na kuivuka kidogo rekodi ya 1964, hadithi hiyo ilisomeka vizuri kwa mstari huo mmoja. Ziwa kubwa namna ile halihitaji rada mpya ili ujue limejaa. Uliza tu watu wa fukwe zake.

Ziwa dogo au bwawa ambalo mstari huo haulikatizi, hapo SWOT ni mali. Inaona ukanda wa kilomita 120, ukiacha pengo la kilomita 20 katikati, na imekusudiwa kuona maziwa ya kuanzia mita 250 kwa 250 na mito yenye upana wa mita 100 na zaidi. Rufiji inaingia. Msimbazi wa Dar es Salaam, hata uwatie hofu vipi watu wa Jangwani, hauingii. Na kumbuka karibu na Ikweta sehemu nyingi hupitiwa mara moja au mbili tu kwa siku 21. Kwa kupanga mgawanyo wa maji ya bwawa inatosha. Kwa kuwahamisha watu usiku wa leo haifai, na hakuna warsha itakayobadilisha hilo.

Mafuriko yenyewe, kama yale ya Rufiji na Kibiti ya Aprili 2024, yanataka rada ya picha. Sentinel-1 hutumia wimbi la sentimita 5.6, ambalo hugonga majani na kurudi. Maji yakiwa chini ya mimea mirefu, inaweza kukuambia kuna mimea tu. NISAR hutumia wimbi la L la sentimita 24, linalopenya majani, likagonga maji, likagonga shina na kurudi kwa nguvu. Kwa mashamba ya mpunga, mikoko na vinamasi, tofauti hiyo ni kubwa. NISAR hurudi mzingo uleule kila siku 12, na data zake ni bure kupitia kituo cha data za rada cha Alaska. Ni nzito mno, kwa hiyo panga kuzichakata hukohuko ziliko badala ya kuzivuta hadi Iringa.

Goma wana sababu yao pia. Volkano yao ya Nyiragongo ilipolipuka 22 Mei 2021, picha za rada zilionyesha ardhi ikifunguka na magma ikisogea chini ya jiji kuelekea Ziwa Kivu, siku ambazo watu walikuwa wakihamishwa. Kwenye miteremko yenye mimea mingi wimbi fupi hupoteza ulinganifu kati ya picha mbili, wimbi refu hudumu. Kama ningekuwa na nafasi moja tu ya kujifunza rada mpya katika ukanda wa Kivu, ningeitumia kwa NISAR bila kuwaza mara mbili.

Misitu ya Kongo ina mgeni wake: Biomass, ya shirika la anga la Ulaya, iliyoruka 29 Aprili 2025 na wimbi la sentimita 70 hivi, linalofika hadi kwenye mashina. Maandalizi yake yalihusisha ndege zilizopiga rada juu ya misitu ya Gabon mwaka 2015 na 2016, NASA na wenzao wa Ulaya wakishirikiana. Jambo la kuchekesha kidogo: wimbi hilo haliruhusiwi kuwashwa juu ya Amerika Kaskazini na Ulaya, kwa sababu ya rada za kijeshi za kufuatilia vitu angani. Kwa mara moja, sisi tunapigwa picha ambayo wenye setilaiti hawawezi kujipiga nyumbani.

Rangi ya maji nitaipita haraka. PACE inaona rangi nyingi mno kiasi cha kuweza kutofautisha aina za mwani, lakini pikseli yake ni kilomita 1 na kidogo. Ghuba ya Winam, ile ya Ziwa Victoria upande wa Kisumu, ni nyembamba. Sentinel-3 ina rangi chache kwa pikseli ya mita 300, na kwa magugu maji yaliyoziba gati la Kisumu, Sentinel-2 ya mita 10 inatosha kabisa. PACE waachie watafiti wa samaki na wa bahari kuu, ambao ndio inaowafaa.

Ningemshauri nani nini

Kwanza taasisi yenye mfumo unaotembea, vipimo vya ardhini na angalau mtu mmoja anayeandika programu bila kusukumwa: nenda njia ya kwanza, lakini kwa siku moja kwa wiki, usiweke juu yake ahadi yoyote kwa waziri. Chuo kikuu ndicho kinachofaa zaidi hapa. Mwanafunzi wa shahada ya uzamili ana miaka miwili, na kuchelewa kwa roketi hakumfukuzishi kazi. Ulaya wanaandaa ROSE-L, rada nyingine ya wimbi la L, na LSTM ya kupima joto la mashamba kwa ukaribu. Kwa mwenye data za umwagiliaji, hiyo ya pili ndiyo ya kuanza kuifuatilia sasa.

Ofisi yenye uamuzi wenye tarehe mwaka huu, iwe masika au malipo ya bima: njia ya tatu, bila kuona haya. Tatizo linalovuka mipaka, kama nzige wa 2020 waliotaga mayai kwenye udongo wenye unyevu kutoka Somalia hadi Uganda, linataka njia ya pili. Hakuna wizara moja itakayolimaliza.

Wiki mbili zilizopita vijana wa bonde moja waliniletea fomu, wakitaka kuchagua kati ya hizi tatu. Tulikaa mchana mzima. Walikuwa na daftari za vimo vya maji tangu enzi za babu zao, nyingine zimeliwa na mchwa pembeni, na hakuna hata ukurasa mmoja uliokuwa kwenye kompyuta. Fomu tumeiweka kando kwanza. Wameazima skana.